Pumzi Inayotoka na Joto la Vidole

Kama unanisikiliza ukiwa Njombe, Makete, Limuru au popote penye baridi saa hizi, fanya jambo dogo pamoja nami. Weka ncha za vidole vya mkono mmoja shingoni, chini kidogo ya taya, zitulie hapo. Wengi wenu mtahisi vidole ni vya baridi na shingo ina joto. Moyo unaosukuma damu ni mmoja, na damu yenyewe ni ileile, lakini shingo imepata mgao wake na vidole vimepunjwa.

Mtasema ni hali ya hewa, na ni kweli. Lakini mtu huyohuyo, ndani ya chumba kilekile, akipigiwa simu ya kumtia hofu, vidole vyake vitazidi kupoa baada ya dakika chache tu. Na akijilaza chali, akaachia viungo, akatulia kweli, vidole vitapata joto bila moto wala glavu, na kipimajoto cha kawaida kinaweza kuonyesha tofauti ya nyuzi kadhaa. Ndilo ninalotaka tulizungumze leo: namna utulivu wa kina unavyobadilisha damu ya ngozini na mwendo wa pumzi, na kwa nini ushauri tunaopeana kila siku, wa kumwambia mtu mwenye wasiwasi avute pumzi kwa nguvu, naamini tunautoa kinyume.

Tuanze na ngozi. Ngozi ya viganja, ya nyayo, ya ncha za vidole, ya pua na ya masikio haifanani na ngozi ya mgongo au ya paja. Ndani yake mna vishipa vya mkato vinavyounganisha ateri ndogo na vena ndogo moja kwa moja, damu isipite kwenye kapilari. Vikifunguka, damu ya moto hujaa chini ya ngozi na joto la mwili hutoka nje. Vikibanwa, kidole hubaki na damu ya kukiwezesha kuishi tu. Zinazobana ni neva za simpathetiki, zilezile zinazouendesha moyo mbio ukisikia hatua za mtu nyuma yako gizani. Mtu mzima aliyetulia, mahali pasipo joto wala baridi, ngozi yake yote hupitisha kama robo lita ya damu kwa dakika. Kwenye joto kali kiasi hicho hupanda hadi lita 6, pengine 8. Hakuna viungo vingi mwilini vinavyobadilisha mgao wake wa damu kwa kiwango hicho.

Sasa mwangalie kijana anayesubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Mpe mkono. Ni wa baridi, na una jasho. Jasho hilo halikuletwa na joto. Neva za simpathetiki zinabana mishipa ya kiganja na wakati huohuo zinaziamsha tezi za jasho za hapohapo. Mdomoni anasema yuko sawa kabisa, na mimi namwamini kwamba anajitahidi, lakini kiganja kimeshasema lake.

Wasikilizaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja mtanijibu kwamba huku mikono ya baridi ni nadra. Hamkosei. Kwenye joto la Januari mwili umeshavifungua vishipa hivyo ili utoe joto, na wasiwasi wa kawaida hauonekani kirahisi kwenye vidole. Mwenye kutaka kuliona jambo hili pwani alitafute kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa somo la kufundishwa ni daktari Mjerumani, Johannes Heinrich Schultz, aliyefanya kazi Berlin na kutoa kitabu chake kikuu mwaka 1932. Kabla yake, mtafiti wa ubongo Oskar Vogt alikuwa ameona kwamba watu waliozoea kulazwa kwa hipnosisi waliweza baadaye kujiingiza wenyewe katika hali ile, na wakasimulia mambo mawili: viungo kuwa vizito na mwili kupata joto. Schultz akaunganisha. Uzito ni misuli iliyolegea. Joto ni mishipa iliyofunguka. Basi mtu anaweza kufundishwa kuyafikia yote mawili bila kulazwa na mwingine. Mwanafunzi hujilaza au huketi, hufumba macho, hujiambia kimoyomoyo, taratibu, kwamba mkono wake wa kulia ni mzito. Akishalizoea hilo kwa siku kadhaa, huongeza hatua ya joto. Baadaye huja mapigo ya moyo, pumzi, joto la tumboni, na mwisho ubaridi wa paji la uso. Siwezi kumtaja Schultz nikaishia hapo: wakati wa utawala wa Wanazi alikuwa naibu mkuu wa taasisi ya tiba ya akili mjini Berlin, na aliunga mkono kuuawa kwa watu wenye ulemavu wa akili. Njia yake imewafaa wengi, yeye haimsafishi.

Kiini cha njia hiyo ni kutolazimisha. Ukiuamrisha mkono upate joto, ukaukazania, ukauchungulia kila nukta kama umeanza, utapoa, kwa sababu kule kukazana ndiko kunakoziamsha neva zinazobana. Huko Topeka, Kansas, Elmer Green na mkewe Alyce waliwafundisha watu kupasha mikono joto huku wakitazama kipimo cha joto kilichofungwa kidoleni, na walilisisitiza hilohilo: mwenye kujilazimisha hapati, anayelitaja joto kisha akaliacha lije kwa wakati wake ndiye anayelipata. Kwa watu tuliolelewa kuambiwa kwamba kila kitu hupatikana kwa bidii, hili ni somo gumu, na nadhani ndipo wengi wanapokata tamaa wiki ya kwanza.

Mishipa ya ngozi, basi, haipokei amri. Tumbo nalo halipokei. Moyo hali kadhalika. Lakini pumzi ina mabwana wawili. Usiku kucha hujiendesha, na mchana, ukitaka, unaishika mwenyewe: unaibana unapopiga mbizi, unaigawa unapoimba, unaichelewesha unapopuliza moto wa kuni. Kwa hiyo kati ya kazi zote zinazojiendea mwilini, huu ndio mlango ambao mtu wa kawaida anaweza kuupitia bila kifaa.

Mlango huo unafika mbali. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kwenye shina la ubongo wa panya, mahali panapopangwa mwendo wa pumzi, waligundua kundi dogo la seli za neva, kama 175 hivi, linalopeleka habari za pumzi kwenye sehemu inayouweka ubongo macho. Walipoliondoa kundi hilo, panya waliendelea kupumua. Lakini walikuwa watulivu ajabu, wakikaa kujisafisha manyoya badala ya kunusanusa huku na huku. Panya si mtu, na hatuondolewi seli ili tutulie. Ila inaonyesha kwamba ubongo husikiliza pumzi, kama vile pumzi inavyousikiliza ubongo.

Moyo nao unasikiliza. Tafuta mapigo yako kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha uvute pumzi polepole na kuitoa polepole. Ukiwa na subira utahisi mapigo yanaongeza mwendo kidogo pumzi inapoingia, na yanapunguza pumzi inapotoka. Kwa vijana tofauti ni kubwa, kwa wazee ni ndogo. Mfiziolojia Carl Ludwig aliliandika jambo hili mwaka 1847. Pumzi inapotoka, neva ya vagasi, ile inayoutuliza moyo, hufanya kazi zaidi. Kumbuka neno hilo, msikilizaji: inapotoka.

Kuna jambo jingine linalokwenda pamoja na hilo. Kwenye ateri za shingo, karibu na pale nilipokuomba uweke vidole, mna vihisi vya presha ya damu. Presha ikipanda, vinaripoti kwenye ubongo, na ubongo unaupunguza moyo mwendo na kuilegeza mishipa. Ikishuka, unafanya kinyume. Kutoka ripoti hadi mishipa kuitikia hupita sekunde kadhaa, na mzunguko mzima huchukua kama sekunde 10. Kwa hiyo presha ya kila mmoja wetu inapanda na kushuka kidogo mara 6 hivi kwa dakika, siku nzima, sisi hatuna habari. Mawimbi hayo yanaitwa kwa jina la Sigmund Mayer, aliyeyaeleza mwaka 1876. Mtu mzima kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo mawimbi ya pumzi na ya presha kila moja hushika njia yake. Lakini akitulia mpaka pumzi ikafika 6 kwa dakika, mawimbi yanakutana. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kila anapofika kwako, nguvu kidogo tu inampeleka juu. Mapigo ya moyo yanapanda na kushuka kwa upana mkubwa, na vihisi vya shingoni vinakuwa vyepesi kuitikia.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi, daktari wa Italia, pamoja na wenzake, walitoa utafiti katika jarida la madaktari wa Uingereza ambao kila Mkatoliki anayenisikiliza atauelewa mara moja. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno ya kujirudia ya yoga ya Kihindi. Katika mambo yote mawili pumzi zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, na mawimbi ya moyo na ya presha yakapangana. Hakuna aliyewaambia wapumue namna hiyo. Urefu wa sala ndio uliowapangia. Uradi wa tasbihi haukuwa ndani ya utafiti huo, na sitautia matokeo ambayo haukupimwa. Lakini kaa karibu na mzee anayevuta tasbihi baada ya sala ya alfajiri, bila haraka, usikilize pumzi yake, kisha uisikilize ya mpita njia barabarani. Mwenye imani hasali ili kushusha mapigo ya moyo, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani nimeigeuza ibada kuwa dawa. Ninachosema ni kwamba mwili nao unapata fungu lake.

Sasa twende kwenye kidole chenyewe, kwa sababu hapo ndipo jambo linapoonekana kwa macho. Michael Stern alionyesha mwaka 1975 kwamba mwanga wa leza ukimulika ngozi, unaorudi hubeba alama ya mwendo wa chembe za damu chini yake. Tangu hapo maabara zinaweza kumlaza mtu, kumbandika kihisi kidogo kwenye ncha ya kidole, na kutazama mstari kwenye skrini. Mstari huo una meno madogo ya mapigo ya moyo. Meno hayo yamepanda juu ya mawimbi ya pumzi. Mawimbi ya pumzi nayo yamepanda juu ya mawimbi marefu zaidi, mengine ya sekunde 10, mengine yanayokaribia dakika nzima, kadiri vishipa vinavyojibana na kujiachia. Mtu akitulia, mstari wote huinuka: damu imeongezeka. Mwambie avute pumzi moja, ya ghafla na ya kina. Baada ya sekunde chache tu mstari unaporomoka. Vishipa vya kidole vimebanwa. Mstari hukaa chini kwa muda, kisha hupanda polepole mpaka ulipokuwa. Bolton, Carmichael na Stürup walilieleza jambo hili mwaka 1936, na hadi leo hutumika kuzipima neva za ngozi, kwa mfano kwa wagonjwa wa kisukari ambao neva zao zimeanza kuharibika.

Hebu lisikilize tena, kwa sababu ndilo lililonifanya nije na mada hii. Pumzi kubwa ya kuvuta kwa ghafla ni ishara ya tahadhari. Inabana ngozi. Inauharakisha moyo. Na sisi, mtu akizidiwa msibani, tunamzunguka watu kumi, tunamzibia hewa, na kila mmoja anampigia kelele: vuta pumzi, vuta pumzi! Naye anavuta. Anavuta haraka, tena kwa nguvu, na pumzi hizo nyingi zinaifukuza hewa ya kaboni dioksidi kwenye damu kupita kiasi. Mishipa ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi. Kemia ya damu inabadilika, midomo na vidole vinaanza kufa ganzi, na mwisho vidole vinakakamaa na kujikunja. Hapo watu wanasema ni kifafa, wengine wanasema amepandwa na mapepo. Nimeyaona haya misibani, na kila mara anayefanya vizuri ni mama mmoja mtu mzima anayewaondoa watu, anaketi chini pamoja na mfiwa, anamshika mkono, na yeye mwenyewe anashusha pumzi ndefu, tena na tena, hadi mwenzake anaanza kuifuata. Hamwambii avute kitu chochote. Usimfunge mtu mfuko wa karatasi mdomoni, kwa sababu huenda tatizo ni pumu au moyo. Na kama hajawahi kupatwa na hali hiyo, au kifua kinauma, mpelekeni hospitali.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kutoa. Itoe pumzi polepole, mpaka iishe bila kuikamua. Inayoingia itakuja yenyewe, ndogo, kupitia puani, na tumbo ndilo litakaloinuka, si mabega.

Mtu akitulia kwa kina, pumzi hupungua kwa sababu iliyo tofauti kabisa na kujibana. Robert Keith Wallace na Herbert Benson waliwapima watu waliozoea kutafakari, na mwaka 1971 wakaripoti kwamba oksijeni waliyotumia ilipungua kwa karibu asilimia 17 ndani ya kipindi kifupi, huku oksijeni iliyomo kwenye damu ikibaki palepale. Maana yake, seli zilikuwa zinahitaji kidogo, na mapafu yakapunguza kazi kulingana na mahitaji. Watafiti waliofuata walipata upungufu mdogo kuliko huo, hasa walipowalinganisha na watu waliokaa tu wamepumzika, nami naona hiyo ni habari njema: sehemu kubwa ya faida inapatikana kwa kupumzika kikwelikweli, bila ada ya mwalimu yeyote. Benson alikwenda pia India, eneo la Dharamsala, akawapima watawa watatu wa Kitibeti, na mwaka 1982 akaripoti kwamba waliweza kupandisha joto la vidole vya mikono na miguu kwa hadi nyuzi 8.3 za Selsiasi. Hao ni watu wa mazoezi ya miaka mingi. Mimi na wewe tukipata nyuzi mbili tatu, tushukuru.

Na usingizi je? Mwaka 1999 Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba dalili bora ya mtu atakayelala haraka ni miguu na mikono kuwa na joto ukilinganisha na kiwiliwili. Mishipa ya nyayo hufunguka, joto hutoka, mwili wa ndani hupoa kidogo, na usingizi huingia. Kwa wanaoishi nyanda za juu, soksi kavu usiku zina maana zaidi kuliko tunavyodhani.

Lazima niseme na mipaka ya utulivu huu. Kuna watu ambao vidole vyao hubanwa vikali na baridi hadi kuwa vyeupe, hali inayoitwa kwa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud. Kwa miaka mingi walifundishwa kupasha mikono joto kwa kutazama kipimajoto, na wengi walitumaini sana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2000 ukalinganisha mafunzo hayo na dawa ya nifedipini: dawa ilisaidia, mafunzo hayakushinda yale ya kuzuga. Mwenye presha naye asiache vidonge vyake kwa sababu amesikia habari za pumzi 6 kwa dakika redioni. Na wapo waliopitia vita, kubakwa au ajali mbaya, ambao wakifumba macho na kulegea ndipo hofu inapowavamia. Hao wasilazimishwe, waanze macho yakiwa wazi, wameketi, na mtu wanayemwamini yuko karibu.

Kwa mwenye kutaka kujaribu usiku huu: tandika mkeka au tumia kitanda, jifunike, kwa sababu anayetetemeka hatulii. Legeza mkanda na vitu vya kubana. Miguu iachane kidogo, mikono ilale kando, viganja vikitazama juu au chini upendavyo. Shusha pumzi mara kadhaa, kila moja ikitoka kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia. Kisha uache kuiongoza. Peleka mawazo kwenye mkono wa kulia, useme kimoyomoyo kwamba ni mzito, na ukikuta umehamia kwenye ada ya shule au deni la dukani, rudi bila kujilaumu. Joto likija utalihisi kwanza kwenye ncha za vidole, pengine na mdundo mdogo wa mapigo. Lisipokuja leo, sawa. Wengi huchukua wiki. Kama ulikusudia kulala, lala papo hapo.

Kama unaamka kuendelea na kazi, usikurupuke, kwa sababu presha iko chini. Schultz alifundisha namna ya kutoka: kunja ngumi, kunja na kunjua mikono kwa nguvu mara chache, vuta pumzi kubwa, fumbua macho. Hapo pumzi ya kuvuta imepata kazi yake halali, maana sasa unataka mishipa ibane na moyo uamke. Keti kwanza, miguu sakafuni. Wanaotumia dawa za presha, na wazee wetu, wakae dakika moja zaidi kabla ya kusimama, na wawe na kitu cha kushika.